Mlango uliofungwa uko wapi? Maelezo manne ya kuchaguliwa tangu asili, bega kwa bega

Swali lilianzia kwenye feri ya Likoni, saa kumi na mbili jioni, saa ya mikokoteni na baiskeli na watu wanaorudi makwao. Mpwa wangu alinisogelea sikioni ili asikike juu ya kelele za injini: "Mjomba, hebu nambia. Kama Mungu ameshachagua watu wake kabla dunia haijaumbwa, mimi nahangaika nini kuchagua kanisa?"

Alicheka, lakini nilimwona hachezi. Amelelewa Methodisti, upande wa babake wote ni watu wa Ribe. Mchumba wake ni wa PCEA, Wapresbiteri. Harusi ni Desemba, na wamekubaliana kwamba wakishaoana watasali mahali pamoja, si huyu huku na yule kule. Jumapili hiyo alikuwa amekwenda kusali kwa kina mchumba, akakuta mahubiri ni ya Warumi 9: Yakobo na Esau, mfinyanzi na udongo wake. Akatoka amekunja uso.

Kivuko cha Likoni ni cha dakika chache tu. Tulipofika ng'ambo nilikuwa bado kwenye maana ya neno "siri", naye alikuwa akitazama matatu. Nikamwahidi kumwandikia. Mimi si mchungaji. Nimelelewa Anglikana, Kisauni, karibu na Kengeleni. Mke wangu ni Mkatoliki. Kwa hiyo ubishi huu nimeukalia mezani miaka mingi, kwa mahamri na mbaazi. Ninayoyaandika hapa ni yake, na ya yeyote aliyesimama njia panda hiyo hiyo.

Kabla ya kulinganisha, maneno mawili

Mwanzo wa tabu ni neno "kuchagua". Ukilisikia mtu wa Mombasa, akili inakwenda soko la Kongowea: unainama kwenye fungu la nyanya, unatoa nzuri, mbovu unaziacha. Ukiingia nalo hivyo kwenye Waefeso, utamwona Mungu akipekua watu kama nyanya.

Sasa, kitenzi cha Kigiriki kinachobishaniwa ni *proorizo*. Katika Agano Jipya lote kimetokea mara 6 tu: Matendo 4:28, Warumi 8:29 na 30, 1 Wakorintho 2:7, na Waefeso 1:5 na 11. Ndani yake mna neno la mpaka. Ni kuweka mpaka mapema, kama fundi anavyopigilia vigingi vya nyumba kabla msingi haujachimbwa. Biblia ya Union ya 1952, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyokua nayo, haikutumia neno moja. Warumi inasema "aliwachagua tangu asili", Waefeso 1:5 inasema "alitangulia kutuchagua", na 1 Wakorintho 2:7 inasema Mungu "aliiazimu tangu milele". Msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua kwamba ni kitenzi kile kile. Kwangu mimi "kuazimu" ndilo neno lililokaa vizuri kuliko yote, kwa sababu mtu huazimu jambo, huazimu kulifikisha mahali. Swali linakuwa "ameazimu nini?" kabla halijawa "amemchukua nani, amemwacha nani?"

Neno la pili ni "siri". Kigiriki ni *mysterion*. Waprotestanti tunasoma "siri"; Wakatoliki kwenye Misa wanasema "fumbo", Fumbo la imani. Haya si mamoja. Fumbo hufumbuliwa na mwenye akili, ndiyo maana wazee wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Siri haifumbuliwi. Ukae uipige akili hadi alfajiri, siri utaijua siku mwenyewe atakapoamua kukwambia. Kwa hapo nawapa watafsiri wa 1952 alama zote, ingawa mke wangu hakubali: yeye husema fumbo la kanisani si kitendawili, ni kitu kinachozidi kimo chako hata ukishakionyeshwa. Nayo ni hoja.

Lakini Paulo anasema siri hiyo imeshatolewa. Wakolosai 1:26 inasema ilifichwa tangu zamani zote, "bali sasa imefunuliwa". Na Waefeso 3:6 inaitaja waziwazi: kwamba watu wa Mataifa, waliokuwa nje, sasa ni warithi pamoja, mwili mmoja. Yaani kwa Paulo siri kubwa ya Mungu ni kwamba watu wa nje wameingizwa ndani. Halafu tazama 1 Wakorintho 2:7, mstari pekee ambamo siri na kuazimu vimekaa pamoja. Kilichoazimiwa pale si orodha ya majina. Ni hekima ya Mungu, na mstari unaofuata unamtaja Bwana wa utukufu aliyesulibiwa.

Nimekaa hapa kwa sababu ndipo kipimo changu kinapotoka. Maelezo yote manne ninayoyalinganisha hufika mahali yakasema, "Hapa ni siri, hatuingii." Kila nyumba ina chumba chake kilichotiwa kufuli. Nyumba isiyo na chumba hicho hakuna, na anayekwambia ipo anakuuzia kitu. Unapochagua, uliza kufuli limetiwa mlango gani, na kama Maandiko yenyewe ndiyo yaliyolitia pale.

Jambo moja la mtaani nalo niliondoe njiani. Hapa kwetu maneno ya majaaliwa na kudura yako kila ulimi, wa Mwislamu na wa Mkristo. Liandikwalo ndilo liwalo. Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Wanazuoni wa Kiislamu wana mijadala yao mirefu na makini juu ya kadari, na sitaki kuisemea. Ninachosema ni kwamba methali hizi zinazungumzia matukio: ajali, riziki, kifo, feri kuharibika. Waefeso 1 haizungumzii matukio hayo. Inazungumzia watu kufanywa wana na kufanywa watakatifu. Ukichanganya hivi viwili utaishia kusema Mungu alikuchagulia tangu milele ukose kazi bandarini.

Nyumba ya kwanza: ya Calvin

Hii ndiyo nyumba ya kina mchumba, kwa urithi. Mbegu yake ni ya Augustino wa Hippo (354–430), aliyebishana na Pelagio akasisitiza kwamba mwanadamu hawezi hata kuanza kumtaka Mungu bila neema. John Calvin, mwanamatengenezo wa Geneva wa karne ya 16, akaijenga. Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa huko Uholanzi, ikaipiga msasa. Ungamo la Westminster la 1646 likaifanya mali ya Wapresbiteri duniani kote. Kwa ufupi inasema hivi: Mungu, bila kutazama wema wowote atakaouona ndani ya mtu, aliwaazimia wengine uzima, hao atawaita, wataitika, na hawatapotea. Wengine aliwapita.

Nguvu yake ni kwamba haiogopi mistari migumu. Mnyororo wa Warumi 8:30 (aliowachagua akawaita, aliowaita akawahesabia haki, aliowahesabia haki akawatukuza) hauna pete iliyokatika, na nyumba hii inausoma kama ulivyo. Matendo 13:48 inasema "waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele wakaamini", kwa mpangilio huo, kukusudiwa kwanza. Na wanaodhani fundisho hili humfanya mtu akae bure wasome Matendo 18:10, Paulo akiwa Korintho na hofu yake, akaambiwa aendelee kunena "kwa kuwa mimi nina watu wengi katika mji huu". Watu wenyewe bado hawajaamini, na tayari ni wake. Nikipita Rabai humkumbuka mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika 1846 akaondoka 1875, macho yamekufa, waongofu wachache mno kwa miaka 29. Sijui mwenyewe alijitia moyo kwa mstari upi, ila mtu wa kukaa Rabai hivyo anahitaji kuamini kwamba hesabu ya watu haiko mkononi mwake.

Kufuli liko wapi? Kwenye swali "kwa nini huyu na si yule?" Wao wenyewe wanalionyesha. Ungamo la Westminster, sura ya 3, linaliita fundisho hili siri kuu na kutaka lishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Calvin alikiri kwamba azimio hilo ni la kutisha, na akaonya kwamba anayelichungulia kwa udadisi anaingia mahali pa kupotea njia asitoke. Huo ni ukweli wa kiungwana. Tatizo langu ni 1 Timotheo 2:4, Mungu "hutaka watu wote waokolewe". Jibu lao la kawaida ni kwamba "wote" hapo ni watu wa kila namna, wafalme na watumwa. Mistari ya juu yake inataja wafalme, kwa hiyo jibu si la kubuni. Lakini nikilisoma kwa sauti, hubaki na mchanga mdomoni.

Na kuna hatari ya matumizi. Mtu mwenye moyo wa wasiwasi akikabidhiwa nyumba hii bila mwenyeji, atakesha akijipima: mimi nimo au simo? Mtu mwenye kiburi atalala usingizi mzito kuliko inavyofaa.

Nyumba ya pili: ya Arminius na Wesley

Jacobus Arminius (1560–1609) alisomea Geneva, nyumbani kwa watu wa Calvin, akatoka na maswali. Mwaka mmoja baada ya kufa kwake, 1610, wafuasi wake Uholanzi waliandika hoja 5, na Dort iliitishwa ili kuwajibu. Zaidi ya karne moja baadaye John Wesley akachukua bendera. Mahubiri yake ya 1739 juu ya neema ya bure yalimtenga kwa muda na rafiki yake George Whitefield, aliyekuwa upande wa Calvin. Wamethodisti wakafika pwani yetu 1862, Ribe, na ndiyo sababu mpwa wangu yuko alivyo. Makanisa mengi ya Kipentekoste mjini, hata yasiyowahi kumsikia Arminius, yanaishi nyumba hii hii.

Inasema: Mungu anataka wote. Anatanguliza neema kwa kila mtu, ya kutosha kumwamsha aweze kusema ndiyo au hapana. Waliochaguliwa ni wale aliojua tangu asili kwamba wangeamini; "aliowajua tangu asili" katika Warumi 8:29 limetangulia kabla ya kuchagua, na 1 Petro 1:2 inasema vivyo hivyo.

Kwa mimbari, hakuna nyumba nyepesi kama hii. Mhubiri anaweza kumtazama kila mtu machoni, konda, muuza madafu, hakimu, akamwambia "Kristo amekufa kwa ajili yako" bila kumeza mate. 2 Petro 3:9, kwamba Mungu hapendi mtu yeyote apotee, inakaa bila kusukumwa.

Kufuli lake watu wengi hawalioni, kwa sababu limepakwa rangi ya ukuta. Majirani wawili wamekaa benchi moja, mahubiri mamoja, neema moja imewatangulia wote. Mmoja anaamini, mwingine anakwenda zake. Tofauti imetoka wapi? Ikiwa imetoka kwake, basi ana kitu cha kujivunia, na 1 Wakorintho 4:7 inamsubiri mlangoni: "una nini usichokipokea?" Ikiwa imetoka kwa Mungu, tumerudi kwa Calvin. Mwarminio mwaminifu atasema: hiari yenyewe ndiyo siri. Sawa. Lakini Biblia haikuwahi kuiita hiari ya mtu siri. Neno hilo mara nyingi ni la Mungu. Na kuna jingine: "kujua" katika Biblia si kupata habari tu. Amosi 3:2, Mungu anaiambia Israeli ndiyo pekee aliyoijua katika jamaa zote za duniani. Hakika hakumaanisha hakuwa na habari za Wamisri.

Nyumba ya tatu: ya Roma

Mke wangu angetaka hii iwe ya kwanza. Nyumba hii ina kuta mbili imara na uwanja mpana katikati. Ukuta mmoja: hakuna anayeanza safari ya wokovu bila neema, Mtaguso wa Orange wa 529 ulikata hilo, na mtaguso huo huo ukakataa kwamba Mungu humwazimia mtu uovu. Ukuta wa pili: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1037, inasema Mungu hamwazimii mtu yeyote kwenda motoni. Mtaguso wa Trento (1545–1563) ukaongeza kwamba mtu asijitangaze kuwa na hakika kwamba yumo miongoni mwa wateule, isipokuwa kwa ufunuo wa pekee.

Katikati ya kuta wamo wanaobishana. Wadominiko, wakimfuata Tomaso wa Akwino, walishika upande wa neema inayofanya kazi kwa nguvu zake. Tomaso alitoa mfano wa mshale unaoelekezwa na mpigaji. Wayesuiti, wakimfuata Luis de Molina na kitabu chake cha 1588, walisema Mungu anajua kila mtu angefanya nini katika kila hali, akapanga dunia kwa kujua huko. Kamati ya Roma ikawasikiliza kuanzia 1598 hadi 1607. Unajua uamuzi ulikuwa nini? Hakukuwa na uamuzi. Papa Paulo V aliwarudisha makwao, kila upande ukaruhusiwa kufundisha lakini usiuite mwingine wa uzushi. Wengine huona huo ni uzembe. Mimi naona ni kufuli lililotiwa mahali pa heshima: namna neema na hiari zinavyokutana. Hawakulivunja, wala hawakudai kwamba mlango haupo.

Udhaifu wake uko kitandani kwa mgonjwa. Kuishi bila hakika ya kuvumilia hadi mwisho kunataka nidhamu, na wengine kunawachosha. Nilimwuliza mke wangu kama humtisha. Akanijibu kwa Salamu Maria: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Akasema nyakati ni hizo mbili tu, na zote mbili ana wa kumwombea. Sikuwa na la kuongeza.

Nyumba ya nne: "katika yeye"

Hii haina kanisa lake mjini. Ni namna ya kusoma, na unaweza kuikuta kwa mchungaji wa dhehebu lolote. Aliyeipa sauti kubwa zaidi ni mwanatheolojia Karl Barth wa Uswisi, katika juzuu aliyotoa 1942. Yeye alitoka nyumba ya Calvin, akarudi kwenye Waefeso 1:4 na kukaza macho kwenye maneno mawili madogo: "alivyotuchagua *katika yeye*". Soma mistari ya 3 hadi 14 kwa sauti. Katika yeye, katika Kristo, katika huyo, karibu kila mstari. Mteule ni Kristo. Sisi tumechaguliwa kwa kuwa ndani yake, kama abiria wa feri: feri ndiyo yenye safari iliyopangwa, nawe safari hiyo inakuwa yako ukiwa ndani. (Mfano huu ni wangu, Barth asilaumiwe.)

Uzuri wake ni kwamba siri na kuazimu vinakutana pale pale Paulo alipovikutanisha. Ukitaka kujua Mungu ameazimu nini juu yako, usichungulie kitabu kilichofungwa, mtazame aliyesulibiwa. Kwa mtu mwenye hofu, sijaona dawa bora.

Lakini kuna mlango uliofungwa hapa pia. Abiria wamepandaje? Kwa nini wengine wamebaki gatini? Barth alisukuma hadi watu wakamshuku kwamba anafundisha wote wataokoka mwishoni, naye akakataa kusema ndiyo na akakataa kusema hapana. Na Warumi 9 bado ina watu wawili wenye majina, tumboni mwa mama mmoja, kabla hawajafanya jema wala baya.

Za kupitia haraka: Walutheri, kwa Mwafaka wa 1577, hati yao ya imani, husema kuchaguliwa ni kwa uzima tu, na anayepotea amepotea kwa kukataa kwake; ukiwaambia hesabu hiyo haifungi, watakwambia hawakuahidi kuifunga. Waorthodoksi humfuata Yohane wa Dameski: Mungu anajua yote tangu awali, lakini haamui yote. Na sisi Waanglikana tuna Kanuni ya 17 kati ya zile 39 za 1571, inayosema fundisho hili limejaa faraja tamu kwa mcha Mungu na ni genge la kuangukia kwa mdadisi wa mambo ya mwili. Ni kauli ya kianglikana kabisa: imesema kweli, ikakuachia kazi.

Kuzijaribu kaburini na ngomeni

Nadharia ni rahisi ukiwa umeshiba. Kaka yangu alifariki akiwa kijana, miaka mingi hajakanyaga kanisani. Makaburini mzee mmoja alisimama kutufariji, akasema, "Haya yalikuwa yameandikwa." Mama yangu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akauliza kwa sauti ndogo: "Na aliyeandika ni nani?" Hakuna aliyejibu.

Swali lake nimelipeleka kila nyumba. Wa Calvin, akiwa na adabu, atasema: sijui, lakini aliye juu ya hili ni Baba, wala hakuna dakika iliyomponyoka, na hatakubali niseme kaka yangu ameachwa, kwa kuwa hakuna aliyeonyeshwa orodha. Wa Wesley atasema: neema ilimfuata hadi pumzi ya mwisho, na hujui alijibu nini. Mkatoliki hasemi sana. Anamwombea, na hilo lenyewe ni jibu, kwa sababu nyumba yake ndiyo pekee kati ya hizi inayompa aliyebaki kazi ya kufanya. Wa "katika yeye" atamwonyesha mama Mwana mwingine aliyekufa kijana. Nikimkumbuka mama, naona la Wesley na la mwisho ndiyo angeyapokea siku ile. La Calvin angelipokea baada ya mwaka, na nadhani lingemshika kwa nguvu zaidi. Fundisho la kweli nalo lina saa yake.

Mtihani wa pili ni wa historia yetu. Frere Town ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya utumwa. Mwambie mmoja wao kwamba kutekwa kwake kulikuwa mpango wa Mungu! Lakini Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake alisema neno lisilo mbali na hilo, Mwanzo 50:20: ninyi mlinikusudia mabaya, Mungu akayakusudia kuwa mema. Angalia ni nani aliyesema. Ni aliyeuzwa, tena baada ya miaka. Wauzaji hawana ruhusa ya kuutumia mstari huo. Nyumba zote nne zinaweza kuukubali hivyo, na sijui kwa nini wahubiri wengi hawaoni kwamba mdomo unaosema ni sehemu ya fundisho.

Wa tatu ni Yusuf bin Hasan. Alilelewa Goa na watawa Waagustino, ndiyo, wa jina la Augustino yule yule, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa 1626 kutawazwa mfalme. Mwezi Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua nahodha Mreno na kuuacha Ukristo. Je, aliyechaguliwa anaweza kuanguka? Wa Dort atajibu kwamba hakuwa wa kweli tangu mwanzo, au kwamba hadithi yake hatukuiona mwisho. Mmethodisti atasema alikuwa ndani, akatoka. Mkatoliki atasema ubatizo wake haukufutika, na mengine si yetu. Mimi, ninapoona jinsi Wareno walivyomtendea yeye na baba yake kabla yake, ninasita kumtumia kama mfano wa chochote, ila wa hatari ya kuhesabu wateule kwa sare waliyovaa.

Kwa hiyo uchague ipi

Mpwa wangu, kama moyo wako ni wa wasiwasi, na nadhani ndivyo ulivyo maana nakujua tangu unatambaa, usianzie Warumi 9. Anzia Waefeso 1, nyumba ya nne, ukae hapo hadi Pasaka. Kama unahisi umeanza kujiona wewe ndiye uliyejiokoa kwa uamuzi wako wa busara, nenda kwa Calvin akupige mswaki. Siku utakapopewa kuhubiri, panda na Wesley. Siku utakapopiga magoti, utagundua kwamba kila Mkristo akiomba ni mtu wa Calvin. Hakuna anayemwomba Mungu "mbadilishe jirani yangu, ila usiiguse hiari yake".

Kuhusu kanisa lenyewe, nadhani PCEA itakufaa kwa sharti moja. Nendeni wote wawili kwa mchungaji, mumwulize kwa heshima: "Mtu akija kwako akilia kwamba labda si mteule, unamwambia nini?" Akikuelekeza kwa Kristo, kaa. Akikuelekeza ujichunguze tu matendo yako, rudi Methodisti na umchukue bibi harusi. Swali hilo litakuonyesha kufuli limetiwa wapi haraka kuliko ungamo zima.

Haya nilimtumia Jumatano. Ijumaa nikapata jibu: wamesoma wote wawili, miadi na mchungaji ni Jumamosi saa nne, na mchumba analalamika kwamba nimemkwepa Esau.

Kweli nilimkwepa. Kwa hiyo nimemwandikia tena. "Nimempenda Yakobo, bali Esau nimemchukia" Paulo ameitoa kwa Malaki, na Malaki alikuwa akisema juu ya mataifa mawili, Israeli na Edomu. Watu wa Calvin watakujibu kwamba mapacha ni mapacha, nao walikuwa tumboni. Nimewaomba kabla ya Jumamosi wasome Mwanzo 33, pale Esau anapokuja mbio, anamkumbatia ndugu yake, anamwangukia shingoni, na wote wawili wanalia. Halafu wasome Warumi 9 tena, bila kusimama, mpaka mwisho wa sura ya 11.